JUMA MOJA LA MAZOEZI: MBIO NA BAISKELI KWA MTU MWENYE KAZI YAKE

Mtu apitaye asubuhi mapema katika barabara kuu itokayo Kitale kwenda Webuye, afikapo Kiminini hakosi kuona watu wa namna mbili. Wa kwanza ni vijana wanaokimbia kando ya njia, wakitoa mvuke vinywani kwa baridi. Wa pili ni wenye baiskeli, ambao wamefunga mitungi ya maziwa au gunia la mahindi kwenye keria. Wote hao wanafanya kazi moja, ingawa hawaifikirii hivyo: wanazoeza moyo, mapafu na miguu.

Lakini liko jambo moja la kusikitisha. Wengi wa wale wakimbiaji huanza kwa bidii kubwa, kisha baada ya majuma matatu au manne hawaonekani tena. Ukiuliza habari zao utaambiwa kwamba fulani goti lamwuma, na mwenzake muundi wa mguu umevimba, hata kushuka mtelemko ni taabu. Hao si wavivu. Kosa lao ni bidii isiyo na mpango.

Nalo si jambo dogo. Mkimbiaji aliyeajiriwa kwa ajili ya mbio akiumia mguu, hukosa mbio. Lakini mkulima akiumia mguu hukosa palizi, fundi hukosa wateja, na mwalimu hufika darasani akichechemea. Maana mguu anaokimbilia ndio huohuo unaomlisha yeye na jamaa yake. Kwa hiyo katika somo hili twataka kueleza mpango wa juma moja unaomfaa mwanamichezo wa ridhaa, yaani yule ashindanaye kwa kupenda mchezo tu, naye ana kazi nyingine ya kumpatia riziki. Mpango wenyewe wachukua saa 4 na dakika 10 kwa juma zima. Hauhitaji uwanja wala vyombo vya thamani. Baiskeli ya kawaida yatosha, hata ile nzito ya gia moja.

Mpango huu ni wa mtu awezaye kukimbia dakika 30 polepole bila kusimama. Asiyeweza bado asione haya. Na atumie mwezi wa kwanza kukimbia dakika 2 na kutembea dakika 2, akizidisha mbio na kupunguza kutembea kila juma, mpaka afike.

KWA NINI MBIO NA BAISKELI PAMOJA?

Kila mara mguu wa mkimbiaji utuapo chini, hupokea mzigo uliozidi uzito wa mwili wake mara mbili au tatu. Mtu mwenye kilo 60 hutua kwa mzigo wa kilo 120 hata 180, tena maelfu ya mara katika zoezi moja. Mifupa na kano huweza kuuzoea mzigo huo, lakini huuzoea polepole, kwa miezi mingi. Moyo na mapafu huzoea upesi zaidi, kwa majuma machache tu. Hapa ndipo penye mtego. Katika juma la tatu kijana huona pumzi yake imekuwa nzuri, akadhani ya kuwa na miguu yake iko tayari vilevile. Akazidisha mwendo, na mifupa ambayo haijawa tayari ikaanza kulalamika.

Baiskeli humwokoa katika mtego huo. Mpanda baiskeli amekalia kiti, na uzito wake hauangukii miguu kwa kishindo. Moyo hufanya kazi kama katika mbio, lakini magoti na miundi hupata nafuu. Hata hivyo baiskeli peke yake haiwezi kumfanya mtu awe mkimbiaji, kwa maana mifupa na kano huimarishwa na kule kukanyaga ardhi. Ndiyo sababu twavichanganya vyote viwili.

Tena liko shindano linaloiunganisha michezo hii, nalo huitwa duathloni. Washindani hukimbia, kisha hupanda baiskeli, kisha hukimbia tena. Katika shindano la kawaida la namna hiyo hukimbia kilomita 10, hupanda baiskeli kilomita 40, na kumalizia kwa mbio za kilomita 5. Katika lile fupi ni kilomita 5, kilomita 20 na kilomita 2.5. Mwenye kufuata mpango huu kwa miezi kadhaa ataweza kulijaribu lile fupi bila kuogopa.

MWILI HUPATA NGUVU WAKATI GANI?

Watu wengi hudhani kwamba mwili hupata nguvu wakati wa kukimbia. Sivyo. Wakati wa kukimbia mwili huchakaa. Nguvu huja baadaye, mtu akiisha kula na kulala, ndipo mwili unapojitengeneza na kuongeza kidogo juu ya vile ulivyokuwa. Ni kama ng'ombe wa maziwa: hukamuliwa kwa saa zake, na baina ya saa hizo huachwa ale majani na kunywa maji. Ng'ombe akamuliwaye bila kulishwa, maziwa yake hukauka.

Basi kanuni kubwa ya mpango huu ni moja tu: siku ngumu ifuatwe na siku nyepesi. Nayo si kanuni ya wanyonge. Eliud Kipchoge, mzaliwa wa Nandi, alipokuwa akijiandaa kule Kaptagat chini ya mwalimu wake Patrick Sang, alikuwa na siku tatu ngumu katika juma: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu, na Jumamosi mbio za kubadilisha mwendo. Siku nyingine alikimbia polepole. Mwaka 2022 mjini Berlin aliweka rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, nayo ilidumu mpaka mwaka 2023. Ikiwa mtu kama huyo, ambaye kazi yake ni kukimbia, alizipa siku nyepesi heshima yake, je, sisi tunaolima na kushona mchana kutwa tutazidharau?

KIPIMO CHA MWENDO

Wako watu wenye saa za mkono zinazohesabu mapigo ya moyo. Asiye nayo asisikitike, kwa kuwa kipimo kizuri anacho kinywani. Ukikutana na mzee njiani, mwamkie, naye akikuuliza habari za nyumbani, mjibu. Ukiweza kusema maneno yako yote bila kukatika pumzi, mwendo wako ni mwepesi. Ukiweza kusema maneno matatu au manne tu kisha wavuta pumzi, mwendo ni mgumu. Ukishindwa hata kuitikia, umepita kiasi. Tena umekosa adabu.

Yafaa kukumbuka kwamba nchi ya Kiminini na Kitale ni ya juu, kiasi cha meta 1,800 hata 1,900 juu ya bahari. Katika nchi kama hii kila pumzi huleta oksijeni iliyo kama sehemu nne katika tano ya ile ipatikanayo pwani. Mwenyeji amekwisha kuzoea. Lakini mgeni atokaye Mombasa, au kijana aliyekaa mjini pwani miaka mingi, asianze na siku ngumu. Na akae majuma mawili akifanya zile nyepesi tu.

MAZOEZI YA KILA SIKU

JUMATATU: Mbio nyepesi, dakika 30. Kimbia katika njia ya udongo au kwenye majani, si kwenye lami. Hatua ziwe fupi, na mguu utue chini ya mwili wako, usitupwe mbele sana. Siku hii mzee wa njiani apate salamu kamili. Ukirudi nyumbani ukiona ya kuwa ungaliweza kuendelea, basi umefanya vema.

JUMANNE: Mbio za kasi, dakika 40. Anza kwa dakika 10 za polepole ili mwili upate moto. Kisha kimbia kwa nguvu dakika 2, na baadaye polepole dakika 2. Fanya hivyo mara 6. Malizia kwa dakika 6 za polepole. Jambo la kuangalia ni hili: mara ya sita iwe na mwendo uleule wa mara ya kwanza. Mwenye kuruka kama swala mara ya kwanza, na mara ya sita akajikokota, amekosea.

Hapa tutoe mfano wa mtu wa upande huu wetu. Ben Jipcho alizaliwa Mlima Elgon, mlima ule tuuonao kutoka Kiminini mawingu yakiwa hayapo. Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City, alikuwa katika fainali ya meta 1500 pamoja na Kipchoge Keino. Jipcho aliongoza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi, mwendo mkali mno kwa nchi ya juu kama ile. Alifanya hivyo kusudi, ili kumchosha Jim Ryun wa Marekani. Keino akashinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Jipcho mwenyewe akawa wa 10. Siku yake ilikuja baadaye: mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alipata medali mbili za dhahabu, moja ya meta 5000 na nyingine ya kuruka viunzi na maji. Basi tujifunze. Mwenye kuanza kwa kasi isiyo na kiasi, ama anamsaidia mwenziwe, ama anajimaliza mwenyewe. Nawe ukimbiaye peke yako asubuhi huna Keino wa kumsaidia.

JUMATANO: Baiskeli nyepesi, dakika 45. Kabla ya kuondoka, pima kiti. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Hivyo, ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu kama ipasavyo, goti litakunjika kidogo tu. Baiskeli nyingi huwa na kiti kilichoshushwa mno, nacho ndicho chanzo cha maumivu ya goti kwa wapandaji wengi. Njiani usisukume kwa nguvu. Miguu na izunguke upesi na kwa wepesi: hesabu goti la kulia likipanda mara 18 hata 20 katika sekunde 15. Tafuta njia tambarare.

ALHAMISI: Baiskeli mlimani, kisha mbio, dakika 60. Zunguka polepole dakika 15. Kisha chagua mwinuko usio mkali sana, uupande kwa nguvu dakika 3, na ushuke au uzunguke pole dakika 4. Fanya hivyo mara 4. Rudi nyumbani kwa dakika 7 za polepole. Sasa liegeshe baiskeli, na mara hiyo hiyo ukimbie dakika 10. Usishangae ukiona miguu imekuwa kama magogo. Misuli iliyokuwa ikizunguka imeamriwa kupiga hatua, na yahitaji muda ili kuitika amri. Baada ya majuma machache ugumu huo hupungua sana. Katika duathloni wengi hushindwa hapa, si kwa ukosefu wa nguvu, bali kwa kuwa hawakuwahi kulijaribu jambo hili nyumbani.

IJUMAA: Mapumziko, pamoja na kazi ndogo ya dakika 15 ya kuimarisha viungo. Chuchumaa na kusimama mara 12. Simama juu ya vidole vya miguu na kushuka polepole mara 15. Lala kifudifudi, ujiinue juu ya viwiko na vidole, mwili ukiwa umenyooka kama ubao, kwa sekunde 30. Rudia yote mara 3. Asiyependa hata hayo, na apumzike kabisa.

JUMAMOSI: Siku ya safari ndefu, dakika 75, yote kwa mwendo mwepesi. Juma hili kimbia dakika 60 na kutembea dakika 15, ukigawanya kutembea huko upendavyo. Juma lijalo panda baiskeli dakika 60, kisha ukimbie dakika 15. Majuma na yapishane hivyo. Ugumu wa siku hii ni urefu wake, wala si kasi. Kwa wenye baiskeli walio Kiminini twashauri waanze safari kwa kuelekea upande wa Kitale. Nchi hupanda kwenda Kitale na hushuka kwenda Webuye. Hivyo atanguliaye kuelekea Kitale atarudi nyumbani kwa mtelemko wakati amechoka. Atanguliaye kushuka hufurahi wakati wa kwenda, na majuto yakamngoja kwenye kurudi.

JUMAPILI: Mapumziko. Mtu na aende ibadani, akae na watu wa nyumbani, afue nguo zake za mazoezi, aioshe baiskeli na kutia mafuta mnyororo. Mwenye siku nyingine ya ibada aweza kuusogeza mpango wote, mradi mfuatano usivunjwe.

Sasa hebu tuhesabu. Dakika 30, 40, 45, 60 na 75 jumla yake ni dakika 250. Katika hizo, dakika za kasi hasa ni 12 za Jumanne na 12 za Alhamisi, yaani 24 tu. Hazifiki hata sehemu moja katika kumi. Mwanafunzi wa mbio akiiona hesabu hii hudhani amedanganywa. Hakudanganywa. Zile dakika 226 za polepole ndizo msingi wa nyumba. Dakika 24 ni paa. Hakuna ajengaye paa kabla ya msingi.

JEMBE NALO NI ZOEZI

Mipango mingi ya mazoezi imeandikwa kwa watu wanaokaa ofisini. Lakini Trans Nzoia na Bungoma ni nchi ya mahindi, na misuli ya mgongo na mapaja haijui tofauti ya jembe na mlima. Mwezi wa Machi na Aprili watu hupanda. Mei na Juni hupalilia. Na mavuno hufuata kuanzia Oktoba. Kwa hiyo twaongeza kanuni ya pili: siku uliyolima saa tatu au zaidi, au uliyobeba magunia, ihesabu kuwa siku ngumu. Zoezi gumu la siku ile liache, au ufanye lile jepesi badala yake.

Tena zoezi lililokosekana limekwisha. Halilipwi kama deni la dukani. Mtu aliyekosa Jumanne kwa sababu ya mvua, akafanya mazoezi ya siku mbili kwa mara moja Jumatano, amevunja kanuni ya kwanza, naye atayaona malipo yake kwenye goti.

Vilevile mwenye kupeleka maziwa kwa baiskeli kila siku asijidharau. Nchi za magharibi ya Kenya zina historia ndefu ya kazi ya baiskeli: usafirishaji wa boda-boda ulianza mpakani Busia katika miaka ya 1960, na wenye baiskeli walipakia abiria na mizigo kwa miongo mingi kabla ya pikipiki kuenea baada ya mwaka 2000. Safari ya saa moja na mzigo ni zoezi kamili. Mwenye kazi hiyo na aondoe baiskeli ya Jumatano katika mpango wake, apumzike.

KUJIHADHARI BARABARANI

Mazoezi mema ni yale ambayo mtu hurudi nayo nyumbani salama. Barabara yetu hii ni njia ya malori makubwa yaendayo Lodwar na Sudan Kusini, pamoja na matatu zenye haraka. Kwa hiyo mbio na zikimbiwe katika njia za vijijini kila iwezekanapo. Ikilazimu kupita barabara kuu, mkimbiaji na ashike upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia. Mpanda baiskeli na ashike kushoto, aende pamoja na magari, wala asiende sambamba na mwenziwe wakizungumza.

Jua huchomoza katika saa kumi na mbili na nusu. Aondokaye kabla ya hapo avae nguo nyeupe au kizibao kinachong'aa, na baiskeli iwe na taa mbele na nyuma. Breki zikaguliwe kabla ya kila safari ya mlimani. Vipande vya mpira vilivyokwisha hubadilishwa kwa fedha kidogo, lakini mfupa uliovunjika haubadilishwi. Wakati wa masika mvua hupenda kunyesha mchana na jioni, kwa hiyo asubuhi ni bora kwa mazoezi. Dada zetu waendao mbio na waende wawili watatu pamoja, na jamaa nyumbani wajue njia waliyoshika.

CHAKULA, MAJI NA USINGIZI

Hakuna haja ya vyakula vya makopo. Ugali, maharage, sukuma wiki, viazi vitamu, mayai na maziwa vyatosha kabisa. La muhimu ni wakati wake. Baada ya siku ngumu mtu ale mapema, kabla saa moja haijapita: uji wa wimbi wenye maziwa, au ndizi na yai. Asile chakula kizito katika saa mbili zinazotangulia mbio.

Maji ya kunywa yachemshwe. Siku ya safari ndefu yenye jua kali mtu aweza kutengeneza kinywaji chake: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vipimo hivyo visizidishwe, hasa chumvi.

Usingizi ndio dawa kuu. Mwenye kulala saa tano usiku na kuamka saa kumi ili akimbie, ni afadhali aendelee kulala.

DALILI ZA KUSIMAMA

Maumivu ni ya namna mbili. Yako yale ya misuli ya pande zote mbili, ambayo huja siku ya pili na kwisha yenyewe. Hayo ni ya kawaida. Lakini maumivu ya mahali pamoja, mguu mmoja, yanayozidi kadiri ukimbiavyo, na yanayouma hata ukibonyeza mfupa kwa kidole, hayo ni onyo. Acha mbio siku kadhaa, na ikiwa baiskeli haiumizi, itumie. Yasipotulia, mwone mganga hospitalini. Wala usimeze vidonge vya kutuliza maumivu ili upate kukimbia. Vidonge hivyo haviponyi mfupa. Hunyamazisha mlinzi tu, na mwizi akaendelea na kazi yake.

Mwenye homa asikimbie hata kidogo, bali apimwe malaria. Tena kila asubuhi kabla ya kuondoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja na kuyaandika katika daftari. Yakizidi desturi yako kwa mapigo 10 hivi, mwili haujapumzika. Siku hiyo ifanye nyepesi.

KUENDELEA

Mpango huu na urudiwe majuma matatu, ukiongeza dakika 5 tu katika siku ya Jumamosi kila juma. Juma la nne punguza yote yawe nusu, kisha uanze tena. Asiwepo wa kusema kwamba umri umempita. Edith Masai, mwingine wa Mlima Elgon, alizaliwa mwaka 1967, na ubingwa wa dunia wa mbio fupi za nyika aliupata mwaka 2002, akaurudia mwaka 2003 na 2004, wakati wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kutundika viatu.

Si kila mwenye mbio atapata fedha kwa mbio, wala hatupendi kumdanganya mtu. Lakini mwenye kufuata mpango kwa subira atapata moyo wenye nguvu, usingizi mwema, na miguu itakayomfikisha shambani mwake miaka mingi. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaongeza kwamba kibaba hakijazwi kwa siku moja, na ajaribuye humwaga.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini juma la tatu ni la hatari kuliko la kwanza?
2. Jana umepalilia kutoka asubuhi hata adhuhuri. Leo ni Jumanne. Utafanya zoezi gani?
3. Umekutana na mzee njiani siku ya Jumatatu, ukashindwa kumjibu salamu. Kosa lako ni nini, mbali na adabu?
4. Pima kiti cha baiskeli yako leo. Je, mguu wanyooka?